Siku Moja Maishani Mwangu: Maji ya Batiki Chini ya Jua la Tengeru

Saa 12:15 asubuhi nipo Ngarenaro, Arusha, uani kwa mama mmoja anayetengeneza batiki. Leo ni Jumatano, siku ya soko Tengeru, kwa hiyo jana alitia rangi vitambaa mpaka giza likaingia, na sasa anataka kumwaga maji yaliyobaki kabla hajafunga mzigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yako yale pale kwenye beseni, sijayagusa."

Navaa glavu na miwani ya kinga kwanza, maana maji haya yana kostiki soda ya kuchubua ngozi. Mita ya pH, kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, inapita 12. Najaza dumu la lita tano, nakaza kizibo, nalitumbukiza dumu ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mama ananiuliza lile swali lake: huo unga wenu wa kusafisha maji kwa nguvu ya jua utaanza kazi lini? Namwambia bado tunaupima. Ananyoosha kidole kwenye mfereji ulioacha mstari wa buluu hadi barabarani. Ana haki ya kuuliza. Mito ya mji huu inashuka kusini, Themi inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inakwenda kujaza bwawa la Nyumba ya Mungu, na njia nzima kuna watu wanaomwagilia mboga.

Saa 2:00 nipo maabara, karibu na Tengeru. Kazi ya kwanza ni kufungua tanuru tulilolizima jana jioni. Ndani kuna vikombe vya kauri vyenye mifuniko ambavyo tulivijaza yurea, kemikali ileile ya kwenye mbolea ya mahindi, tukaichoma kwa nyuzi 550 za Selsiasi. Yurea inapoungua hutoa amonia nyingi, kwa hiyo tanuru letu liko chini ya bomba la kufyonza hewa. Kinachobaki ni kidogo sana: unga laini wa njano hafifu, mwepesi kiasi kwamba ukipumua karibu unapeperuka. Hiyo ni naitraidi ya kaboni. Haina metali yoyote ndani yake, na naipenda kwa sababu malighafi yake inapatikana kila wilaya ya nchi hii.

Kichocheo, yaani kitu kinachotumia mwanga kuharakisha uvunjaji wa uchafu, kinachojulikana zaidi katika kazi hii ni unga mweupe wa dioksidi ya titani. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, waliandika kwamba elektrodi yake ikipigwa na mwanga huweza kuyapasua maji. Ni imara, ni rahisi, lakini inaamshwa na urujuanimno tu, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambao ni kama asilimia 5 ya nishati ya jua linalotufikia. Naitraidi ya kaboni hupokea mwanga wa kuonekana pia, mpaka mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 460 hivi. Ndiyo maana nauchanganya huu wa njano na ule mweupe.

Saa 3:00 napanga bika, yaani vikombe vya maabara. Ya kwanza ina methilini buluu, rangi ya majaribio, pamoja na unga, itakwenda juani. Ya pili ina rangi bila unga, nayo juani. Ya tatu ina vyote viwili lakini nimeifunga kwa foili. Ya nne ni kama ya kwanza, ila badala ya maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake kugandishwa ili yabaki matupu, nimetumia maji ya bomba. Zote zinakorogwa gizani nusu saa kabla ya kutoka nje. Wanafunzi wapya huona hiyo nusu saa ni kupoteza muda. Hapana. Unga wa nano, wenye punje ndogo mno, una uso mkubwa ajabu. Gramu moja ya dioksidi ya titani tunayotumia ina uso wa kama mita za mraba 50, na rangi hunata hapo bila kuharibiwa hata chembe. Usipousubiri mnato huo uishe, utajisifu kwamba jua limefanya kazi kumbe rangi imejificha tu kwenye unga.

Maji ya mama nayagawa mara mbili. Nusu nayaacha yatulie, nusu nayapulizia hewa kwa pampu ndogo ya tangi la samaki.

Kuanzia saa 4:30 mpaka saa 8:00 nashinda nje. Februari hapa anga ni safi na jua linakaribia utosini, siwezi kuomba taa bora kuliko hiyo. Kila baada ya dakika 20 navuta mililita chache kwa sirinji, nazichuja, naandika muda.

Ndani ya bika mambo yanakwenda hivi. Mwanga ukiipiga punje, elektroni huruka na kuacha pengo. Elektroni hudakwa na oksijeni iliyoyeyuka majini, inazaliwa supaoksidi, aina ya oksijeni yenye elektroni ya ziada. Pengo nalo hupora elektroni kutoka kwa maji au kwa uchafu wenyewe, na kwenye dioksidi ya titani lina nguvu ya kuzaa radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli chenye uchu mkali wa elektroni, ambayo huvunja karibu kila kiungo cha kikaboni inachokutana nacho. Kwenye naitraidi ya kaboni pengo halina nguvu hiyo, kazi kubwa inabebwa na supaoksidi. Tatizo ni kwamba radikali ya haidroksili huishi kwa muda unaohesabiwa kwa sehemu za bilioni za sekunde. Haichagui wala haisafiri mbali. Na maji yanayotoka miamba ya Meru yamejaa baikaboneti, chumvichumvi za mwamba, ambayo huila radikali hiyo kabla haijaufikia uchafu.

Saa 6:30 tayari inaonekana kwa macho: bika ya kwanza imefifia, ya nne bado ina buluu. Nakereka kila nisomapo matokeo mazuri yaliyopatikana kwa maji yaliyokenekwa peke yake. Hakuna mto duniani unaotiririsha maji yaliyokenekwa.

Loshoro ya mchana naila kivulini, saa iko mkononi.

Saa 8:30 sampuli zinapita kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaonyonywa na rangi, kwenye nanomita 664. Bika ya kwanza rangi karibu imekwisha. Ya pili nayo imepungua kidogo, jua peke yake huichosha methilini buluu. Ya tatu haijabadilika tangu mnato ulipoisha. Ya nne imefika katikati.

Kilichonishughulisha zaidi leo ni maji ya batiki. Yale yaliyopuliziwa hewa yamejitenga: chini tope zito la buluu, juu maji yanayokaribia kuwa meupe. Rangi hizi za batiki huyeyuka tu zikiwa zimetiwa kostiki na haidrosalfaiti, kemikali ya kuondoa oksijeni. Zikipata oksijeni hurudi kuwa chembe na kuzama. Hakuna unga wa nano uliohusika hapo. Na hata ungetiwa mapema, haidrosalfaiti yenyewe ingezimaliza radikali kabla hazijaufikia uchafu, na weusi wa maji ungeuzuia mwanga usipenye.

Je, hayo maji ya juu ni safi? Nachukua kidogo, natia asidi ya salfuriki na dikromati ya potasiamu, nachemsha kwa nyuzi 150 saa mbili, kupima oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wote wa kikaboni. Saa 11:15 jioni jibu lipo: rangi imeondoka, uchafu mwingi bado umo. Sabuni, wanga, vipande vya molekuli, vyote havina rangi na vyote vinakwenda mtoni. Hapo ndipo kichocheo changu kinapohitajika, mwishoni baada ya hewa na mtuamo, na pH ikiwa imeshushwa. Na kisiwe unga wa kuelea, maana nao ukiponyoka ni uchafu mwingine. Tumeanza kuubandika juu ya vipande vya mawe ya volkano. Mabaki ya dikromati nayamimina kwenye chupa yake maalumu. Kwenye sinki hayaingii.

Saa 1:00 usiku nampigia mama, ametoka sokoni. Namweleza apate mapipa mawili: la kwanza akoroge maji asubuhi na jioni yapate hewa, ayaache yatulie siku nzima, tope asilimwage kwenye mfereji; la pili liwe la kuyasafisha hayo maji ya juu kwa kichocheo. Ananiambia pipa moja analo, la pili hana pa kuliweka, labda kwa jirani yake anayefua. Tunakubaliana niende Ijumaa tupime nafasi pamoja, na nije na ndoo moja ya mawe yaliyopakwa, tulijaribu pipa la pili hapohapo uani, kwa maji yake, juani kwake.