Nilivyojifunza kuutambua mng'ao wa asili wa sarafu za mwaka 1966

Nakusanya sarafu za kwanza za Tanzania, zile za mwaka 1966, na kilichokuwa kikinisumbua zaidi ni kuitofautisha shilingi isiyowahi kutumika na ile iliyosuguliwa hadi ikang'aa, kwa maana chini ya taa za dukani zote mbili humetameta.

Nilifanikiwa baada ya kuelewa mng'ao unatoka wapi. Mashine inapokandamiza kipande cha madini ili kukichapa, madini husukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni na kuacha vijistari vyembamba mno, ambavyo ndivyo vinavyourudisha mwanga. Kwa hiyo sasa huishika sarafu ukingoni, chini ya taa moja tu, nikaiinamisha na kuizungusha polepole. Ikiwa haijaguswa, mikanda ya mwanga huzunguka kama spoku za baiskeli, ikipita juu ya shavu la Mwalimu Nyerere na sehemu tupu inayolizunguka bila kukatika. Iliyosuguliwa hung'aa kote kwa pamoja, na mwanga wake hausogei.

Hata sarafu mpya hazilingani. Chapa ya chuma inayokandamiza sarafu ikiwa mpya hutoa uso laini unaokaribia kioo; ikishachapa nyingi, nayo huota vijistari na mng'ao huwa kama wa hariri, kisha ikichakaa uso hukwaruza na kufifia. Madini nayo yana lake: shilingi, ya shaba na nikeli, hung'aa kwa weupe uliopoa, ilhali senti tano, yenye picha ya samaki, hutoka kiwandani ikiwa nyekundu na baadaye hugeuka kahawia. Wengi huikataa hiyo ya kahawia, nami huinunua kwa furaha mradi mikanda bado inazunguka, kwa sababu rangi na mng'ao ni vitu viwili.

Limau, majivu na dawa za kung'arishia siziruhusu karibu na sarafu zangu, kwani huvila au kuvisugua vijistari, na havirudi tena. Yenye mafuta ya vidole huilowesha katika asetoni safi, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, mbali na moto na dirisha likiwa wazi, kisha huiacha ikauke yenyewe bila kuifuta. Vifuko laini vya plastiki ya PVC nimeviondoa vyote, maana hutoa utando wa kijani unaonata. Badala yake natumia vikasha vigumu, pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu.