Phoenix ya stoo: kumbukumbu ya mradi wangu, Tanga

Februari

Kwa mama mkwe kuna baiskeli ya kike, Phoenix, imekaa stoo tangu wanangu hawajazaliwa. Mradi wangu ni kuirudisha barabarani, na mwendeshaji ni mimi. Nataka kwanza tufike mapango ya Amboni, mimi, baba watoto na wanetu wawili. Tukiweza hapo, tutaelekea Tongoni, kwenye makaburi ya kale.

Kwa asiyenijua: niliugua saratani ya titi la kushoto. Nilifanyiwa upasuaji, titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani. Zikafuata dripu za dawa za saratani kila baada ya siku 21, kisha mionzi kule hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Sasa nimebaki na kidonge cha tamoksifeni, cha kuzuia saratani isirudi, kila siku, na nitakinywa kwa miaka. Kipindi cha mionzi nilikaa kwa wifi yangu Temeke. Nikishatoka kwenye mashine nilikuwa navuka barabara naketi upande wa baharini, lile jengo la Wajerumani la 1897 likiwa nyuma yangu, nikisubiri miguu ipate nguvu ya kwenda kituoni. Walikuwa wakipita vijana kwa baiskeli. Nikamwambia wifi, "Nikirudi Tanga nitaendesha." Akasema, "Utaendesha, na mimi nitakuja kukuona." Hakucheka wala hakunionea huruma, na kwa hilo nampenda mpaka leo.

Hapa kwetu mwanamke juu ya baiskeli si habari. Mji ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zinaitwa kwa namba, na akina mama wanakwenda sokoni na kazini wakiwa na mabuibui yao, kapu kwenye karia. Hilo limenipunguzia kazi kubwa.

Hali ya chombo: fremu nzima, kutu ya juu juu tu. Rimu ya nyuma imepinda, spoku kadhaa zimekatika, matairi yamepasuka kwa ukavu, cheni imegandana. Madigadi na karia viko salama. Fundi aliigonga fremu kwa kucha, akasikiliza, akasema, "Mwalimu, hiki ni chuma. Usije ukamuuzia mtu."

Machi

Breki. Hapa nitakaa kidogo, maana najua kuna wenzangu wenye hali kama yangu wanaodhani baiskeli imeshawapita.

Paklitakseli, mojawapo ya dawa zile za dripu, iliniachia ganzi kwenye ncha za vidole. Vifungo vya shati la mwanangu navifunga kwa macho, si kwa vidole. Halafu kuna mkono wa kushoto: tezi za kwapani zikiondolewa, maji ya mwili hayapiti vizuri, na mkono ukitumikishwa ghafla unaweza kuvimba. Sasa Phoenix hii ilikuja na breki za vyuma, zile za fimbo, zinazotaka ubane kwa kiganja kizima. Nilijaribu nikiwa nimesimama. Mkono wa kulia ulitetemeka, wa kushoto haukufanya kitu.

Fundi alifikiri siku nzima. Breki za waya ni nyepesi, lakini rimu za breki za fimbo hazina ubavu ambao mipira ya pembeni inaweza kuukamata. Kwa hiyo rimu zote mbili zikabadilishwa (ile iliyopinda ikawa imepata dawa yake humo humo), waya ukapitishwa, na breki ya nyuma ikahamishiwa mkono wa kulia. Kisha akavisogeza vishikio karibu na usukani, ili nivute kwa pingili za kati za vidole, ambako bado nahisi. Akaniambia, "Fumba macho, bana." Nikabana. Akaisukuma baiskeli kwa nguvu zake zote, haikwenda. Nilisimama pale gereji machozi yananitoka, naye akajifanya anatafuta spana.

Usukani aliuinua ili uzito ukae kwenye kiti badala ya viganja. Nyumbani kijana alishika msasa, dada yake akapanga gololi kwenye gazeti na kuzipaka grisi moja moja. Baba watoto alikuja kuangalia mara moja, akabaki mpaka magharibi.

Masika

Mvua, na mwendo mfupi. Naendesha mtaani tu, mkono ukiwa ndani ya soksi ya kubana, ya kuzuia uvimbe.

Uchovu wa ugonjwa huu haupungui kwa kulala. Nililala sana mwaka jana na niliamka nimechoka vilevile. Mazoezi ndiyo yanayoupunguza, nimeyaona mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, limewataja hata waliopona saratani: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi nilianza na dakika za kuzunguka msikiti na kurudi.

Mama mkwe alikuwa na wasiwasi. "Mwanangu, mwili bado mbichi huo." Siku hizi anatoa mkeka barazani, anakaa, nikipita ananipungia. Nikichelewa kutokea kona ya pili anasimama.

Juni

Amboni, tumefika! Ni kama kilomita 8 kutoka mjini, na upepo wa kusi ulitusukuma mgongoni. Barabara ya Horohoro ina malori, kwa hiyo tulipanga mstari: baba watoto mbele, kijana, binti, mimi nyuma. Tulipoacha lami kuingia Kiomoni, binti akapunguza mwendo tukawa sambamba.

"Mama, itarudi?"

Hakuwahi kuniuliza. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Ndiyo maana nakwenda kliniki. Ikirudi, tuijue mapema."

Akapiga pedeli kidogo. "Basi usiache kwenda."

"Siachi."

"Haya, twende tumpite baba."

Tukampita.

Nyumbani wananitazama usoni, wanatafuta dalili. Nikishika kiuno, chumba kizima kinanyamaza. Juu ya baiskeli kila mtu anatazama njia, na maneno yaliyokwama mwaka mzima yanatoka yenyewe. Hii ndiyo furaha ninayoizungumzia, na ilinikuta kabla sijapona sawasawa. Sikumsubiri daktari aniidhinishie.

Mapangoni kijana aligoma kutoka kwa ajili ya popo. Kurudi tulikula upepo usoni, tukawa tunapumzika chini ya miembe. Jioni nilipima mkono kwa futi ya fundi cherehani, juu na chini ya kiwiko. Haukuongezeka.

Agosti

Wifi amekuja kutoka Dar, kama alivyoahidi. Alikaa kwenye karia ya kaka yake hadi Tongoni, kilomita 17 hivi, akiimba nyimbo za taarabu na kulalamikia matuta. Mama mkwe alitutangulia kwa bajaji na sufuria la pilau.

Tulitembea katikati ya yale makaburi ya kale, zaidi ya 40, nguzo nyingi zimeshaanguka. Niliwasimulia watoto kuhusu Vasco da Gama kuchoma meli yake, São Rafael, pwani hii mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli zote. Kijana akauliza kwa nini hawakuwafundisha watu wa hapa. Bado tunalijadili.

Yaliyobaki: tairi la nyuma limeanza kulika upande mmoja, kiti kinataka springi mpya. Kliniki ni Oktoba. Pangani tumeiweka Desemba, kaskazi ikishika, ili upepo utusukume kwenda. Kurudi tutapakia baiskeli juu ya basi. Baba watoto ameshaongea na konda.