Nilivyokwenda kujitolea Nakivale nikiwa bado mwanafunzi wa afya ya jamii

Ukiwa mwanafunzi wa afya na ukatafuta mtandaoni nafasi ya kujitolea nje ya nchi, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni bei. Wiki kadhaa hospitalini, malazi, na mwisho wa wiki ziara ya mbugani, vyote kwa dola. Mimi ni mtoto wa mkulima wa ndizi na kahawa mkoani Kagera, na ada yenyewe nasoma kwa mkopo wa Bodi. Njia hiyo haikunihusu. Hata ningekuwa na fedha nisingeipenda, kwa sababu mingi ya mipango hiyo humruhusu mwanafunzi kumgusa mgonjwa kwa namna ambayo nyumbani kwao asingeruhusiwa.

Hamu ya kazi hii ilinishika Machi 2023, Wizara ya Afya ilipotangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitishwa kwetu Kagera. Ulikwisha rasmi tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Niliyoyaona katika miezi hiyo hayakutoka kwenye vitabu: wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakipita nyumba kwa nyumba, wakiulizia nani ana homa, nani amesafiri, nani alikuwepo msibani. Nikasema hiyo ndiyo kazi nitakayoifanya maishani, na nikataka kuijua mahali ambapo watu wengi wamekusanyika na maji ni ya kugombania.

Nilichagua Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Kutoka kwetu si mbali. Ni makazi ya tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipoanza kupokelewa Watutsi kutoka Rwanda, na leo wengi waliomo ni Wakongomani, pamoja na Warundi, Wasomali na Wanyarwanda. Wakongomani na Warundi wengi wanazungumza Kiswahili, na hapo ndipo nilipoiona nafasi yangu.

Barua yangu niliiandika upya mara nyingi. Rasimu za mwanzo zilijaa maneno kama shauku na ndoto. Mhadhiri wangu akaniambia, "Binti yangu, waeleze utakachowafanyia Jumatatu asubuhi." Nikayatoa maneno hayo na kuandika mambo matatu: najua kupima klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye maji, najua kukusanya takwimu kwa simu kwa kutumia programu ya Kobo na kuzichambua, na nazungumza Kiswahili na Kihaya. Kihaya kinakaribiana mno na Kinyankole cha wenyeji wa Isingiro. Mashirika mengi hayakujibu. Moja linaloshughulika na maji na usafi wa mazingira lilijibu, likasema lina mafundi wa kutosha, lakini mtu wa kukaa na kina mama wa Kikongo na kuwasikiliza halina.

Makaratasi yalinila muda kuliko kitu kingine. Pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, barua ya chuo, barua ya shirika, na juu ya yote kibali cha kuingia kwenye makazi, ambacho hutolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda. Usijidanganye kwamba utafika getini ukajieleza. Bila kibali hicho hakuna kazi, na ni haki iwe hivyo, maana waliomo ndani ni watu waliokimbia kuuawa na hawastahili kutembelewa na kila mwenye kamera.

Baba alikubali upesi. Mama hakukubali. Kwake neno wakimbizi lilimaanisha vita. Shangazi yangu, ambaye aliwahi kuuza dagaa Mutukula miaka mingi, ndiye aliyemtuliza, na kikoba chake ndicho kilichonikopesha nauli. Nikapanda basi Bukoba hadi Mutukula, nikavuka, nikaunganisha Masaka, kisha Mbarara.

Nakivale si kambi ya mahema na uzio. Uganda humpa mkimbizi kiwanja cha kujenga na kulima, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya kazi na kutembea. Utakuta maduka, misikiti, makanisa, mafundi cherehani, migahawa ya Kisomali, mashamba ya mahindi na maharage. Lakini utakuta pia foleni ndefu za madumu ya njano kwenye bomba. Maji mengi yanavutwa kutoka Ziwa Nakivale, yanachujwa, yanatiwa klorini, kisha yanasambazwa. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Watu walipokuwa wakimiminika kutoka Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kufikia kiwango hicho kila eneo kilikuwa kibarua kigumu.

Kazi niliyopewa ilionekana ndogo: kuyafuata maji kutoka bombani hadi kwenye kikombe cha mtoto. Nilikwenda na mama mmoja wa Masisi, hukohuko Kivu Kaskazini, mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, wale ambao Uganda yote inawaita VHT. Asubuhi tunapima bombani. Unajaza maji kwenye kichupa, unatia kidonge, unafunga na kutikisa, na kama klorini ipo maji yanageuka rangi ya waridi. Unalinganisha na rangi zilizochapwa pembeni. Bombani waridi ilikuwa imekolea vizuri, karibu miligramu 0.5 kwa lita, kama inavyotakiwa. Jioni tunaifuata familia ileile nyumbani, tunapima maji yaleyale. Mara nyingi kichupa kilibaki cheupe kabisa.

Mahali palipotuumiza vichwa ni hapo. Bombani maji yalikuwa salama, na kwa mujibu wa ripoti kila kitu kilikuwa sawa. Mtoto hanywi bombani lakini. Anakunywa saa nane au kumi baadaye, kutoka kwenye dumu lililoshinda juani. Fundi mmoja alipendekeza klorini iongezwe kwenye tangi. Mama wa Masisi akamjibu kwa upole: "Baba, sasa hivi tu maji iko na harufu, batoto banakataa kunywa. Ukiongeza, watarudi ku ziwa." Alisema kweli. Nyumba mbili tulizotembelea walikuwa tayari wanachota ziwani kwa sababu ya ladha.

Yeye ndiye aliyenionyesha ndani ya dumu. Alilikata moja kuukuu kwa kisu, akanipitishia kidole ukutani: utelezi wa kijani, mzito, ambao kwa nje huuoni kwa sababu mdomo wa dumu ni mwembamba na mkono haupiti. Utelezi ule ndio unaoila klorini. Tukaanza na dawa rahisi: changarawe kiganja kimoja, maji kidogo, sabuni ya unga, funga, tikisa kwa nguvu huku na huku, mwaga, suuza. Watoto waliipenda kazi hiyo kuliko sisi. Tukafanya kwanza kwenye mtaa mmoja, tukapima tena jioni zilizofuata, na waridi ikaanza kuonekana majumbani, hafifu lakini ipo. Chini ya miligramu 0.2 hatuhesabu kuwa ni kinga. Nyumba zilizosafisha madumu na kuyaweka kivulini zilianza kuvuka hapo, bila tangi kuongezewa chochote.

Niliziweka namba kwenye jedwali na nikalieleza mbele ya kikao cha mashirika kinachoratibu maji. Niliomba mama wa Masisi aseme yeye, mimi nikatafsiri. Wakaamua usafishaji wa madumu uingizwe kwenye ratiba za VHT, na vipimo vya jioni majumbani vianze kuhesabiwa pamoja na vya bombani. Nilifurahi mno. Kilichonikera, na bado kinanikera, ni kwamba mama yule anafanya kazi kwa posho ndogo isiyo na uhakika, ilhali ndiye anayejua mtaa mzima nani anaharisha, nani amejifungua, nani amefika jana usiku. Wataalamu tunapita, yeye anabaki. Ninaposikia watu wakizungumzia "kujengea jamii uwezo" namkumbuka na kujiuliza kwa nini uwezo aliokuwa nao haulipwi.

Fedha niliyotumia kila siku ilikuwa ndogo. Nilipanga chumba karibu na Base Camp, kitovu cha makazi, nikala matoke, ambayo kwa Mhaya ni kama kukaa nyumbani. Shirika lilinilipia bodaboda tu.

Sasa utafiti wangu wa mwaka wa mwisho unahusu klorini inavyopungua kati ya bomba na nyumba, na kamati ya maadili ya chuo imeshaupokea. Mama wa Masisi hunitumia vipimo kwa WhatsApp kila mwisho wa wiki. Kwa anayetaka kwenda likizo ndefu ijayo, anza kuomba kibali miezi minne kabla, uliza shirika linahitaji lugha gani, na kama una nafasi kwenye begi beba vidonge vya kupimia klorini, maana huisha kule kabla ya kitu kingine chochote.