"Nimeona pepo tu, mtoto sijamwona"

Shangazi alisema hivyo Jumapili, kikombe cha chai mkononi, baada ya kuitazama ile filamu ya Masaka, Uganda, ya binti anayepagawa na pepo, ninayoifanyia sauti. Nikamwambia, "Si huyo binti, Shangazi, anayeongea kwa sauti ya kizee?" Akanijibu, "Mwanangu, huyo simjui. Apandishe asipandishe, mimi inanihusu nini?"

Wiki hii kinachozunguka kichwani ni hilo jibu. Linaniuma kwa sababu Shangazi amesema kweli, na kwa sababu mwongozaji ndiye aliyeagiza dakika 11 za mwanzo zikatwe. Anataka povu mdomoni kufikia dakika ya 4.

Filamu ya kupagawa inatisha kwa sababu mtu anaibwa mbele ya macho ya wanaompenda. Kama hatukumjua, hakuna kilichoibwa. Katika filamu ya aina hii, dakika 15 au 20 za mwanzo zina kazi moja: tumzoee. Anavyocheka, mkono anaotumia kula, anavyoitika akiitwa. Tabia tatu zinatosha, kila moja ionekane mara mbili, kisha ziharibike moja moja kuanzia iliyo ndogo kabisa.

Na tabia kama hiyo ilikuwemo! Katika zile dakika zilizokatwa, binti anaingia asubuhi kumsalimu baba yake kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za Buganda: magoti yote mawili kwenye mkeka, macho chini, "Wasuze otya, ssebo." Asubuhi ya pili vilevile. Asubuhi ya tatu, kiti kilekile, mwanga uleule wa dirishani, anaingia na kubaki amesimama. Anamtazama baba usoni, halafu anamwita kwa jina la utotoni ambalo marehemu bibi peke yake alikuwa akilitumia. Kamera imetulia sekunde 8, haikatwi, hakuna muziki. Nimeirudia jana usiku na nywele zimenisimama. Hakuna mtazamaji wa hapa anayehitaji kuelezwa kwamba nyumba imeingiliwa. Damu haijamwagika hata tone, wala hakuna lenzi nyeupe machoni.

Hizo lenzi nazichukia. Zinafunika macho, na macho ndiyo mahali ambapo mtu mwenyewe bado anachungulia kutoka ndani. Lazima ipatikane nafasi, hata sekunde 2, arudi, aseme "Baba", kisha achukuliwe tena. Hapo ndipo watu hulia.

Shaka nayo ipewe muda wake. The Exorcist ya 1973 inampitisha mtoto kwa madaktari, hadi sindano ya shingoni, kabla padri hajaitwa. Kwetu njia ni zahanati, kipimo cha malaria, swali la kifafa, halafu ndugu wanagawanyika: mmoja ataka kanisa, mwingine mganga na ngoma na ensaasi, vile vibuyu vya kutikisa. Kila mlango ufungwe kwa sababu inayoaminika. Na pepo awe na dai lake. Watu wetu wanajua kwamba anayepanda kichwani mwa mtu huulizwa ni nani na anataka nini. Akipiga kelele tu, hiyo ni kelele.

Sasa sauti. Wengi huishusha ya mwigizaji semitoni 12 kwa mpigo, yaani oktavu nzima. Konsonanti zinakufa na pepo anakuwa roboti. Mimi naiacha sauti yake halisi mbele. Nyuma yake naweka nakala iliyoshushwa semitoni 3 au 4, yenye nguvu ndogo kwa desibeli 8 hivi (kipimo cha ukubwa wa sauti), na ya tatu ni mnong'ono wa mtu mzee aliyerekodiwa karibu kabisa na maikrofoni, maneno yaleyale, umechelewa milisekunde 60. Kisha naondoa pumzi zote. Sentensi ndefu isiyo na mahali pa kuvuta pumzi inamsumbua msikilizaji kabla hajajua kwa nini. Koo la binadamu ndilo msingi: katika ile ya 1973 pepo alitolewa sauti na mwigizaji, Mercedes McCambridge, kwa koo lake mwenyewe.

Mngurumo wa chini ya hezi 60 (hezi ni kipimo cha uzito au wembamba wa sauti) ni kazi bure kwa vibanda vyetu vya kuonyeshea filamu na kwa simu, spika hazitoi. Tafuta vitu vyenye mwili kati ya hezi 150 na 400, kama kamba inayokazwa au mlango uliovimba kwa mvua. Kwa ukimya, waache nyenje walie tukio zima, uwakate sekunde 2 kabla ya jambo, lakini ubakize hewa ya chumba, la sivyo watu watadhani waya umechomoka. Na kibandani yupo VJ, yule anayetafsiri na kusimulia filamu papo hapo, ataujaza huo ukimya kwa maneno ya Kiganda mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo tishio lionekane pia kwa macho. Binti aliyesimama asipopiga magoti, VJ hawezi kumfunika.

Nimemtumia mwongozaji toleo lenye asubuhi zote tatu, pamoja na maneno ya Shangazi. Hajajibu.