Kope la juu likishuka: mambo ya kujua kabla hujauliza bei ya upasuaji

Wengi wenye kope lililolegea huanza na swali la bei ya kulipandisha. Daktari wa macho ataanza na swali jingine: lilianza lini, na lilishuka haraka kiasi gani? Jibu lako ndilo litakaloamua kama unasubiri siku ya kliniki au unatafuta gari usiku huohuo.

Kope likishuka ghafla, ndani ya saa au siku chache, huku kichwa kinauma vibaya, unaona vitu viwiliviwili, au mboni ya jicho hilo imetanuka kuliko ya pili, hiyo ni dharura. Mshipa wa fahamu unaopandisha kope hupita jirani na mishipa ya damu ya ubongo. Mmoja wa mishipa hiyo ya damu ukitutumka kama puto, huubana ule wa fahamu, na unaweza kupasuka. Mboni iliyosinyaa upande wa kope lililoshuka, pamoja na maumivu ya shingo, nayo haisubiri: huenda ukuta wa mshipa mkubwa wa damu shingoni umechanika. Usianzie duka la miwani Kariakoo. Nenda idara ya dharura ya hospitali yenye kipimo cha CT, yaani mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, kama Muhimbili.

Mwenye kisukari au presha anaweza kushukwa na kope kwa sababu mshipa huohuo wa fahamu umekosa damu. Mara nyingi mboni haibadiliki, na kope hurudi lenyewe baada ya miezi kama mitatu. Ila anayetofautisha hili na lile la puto ni daktari, si kioo cha chumbani.

Kuna pia kope lenye tabia ya kubadilika: asubuhi liko juu, jioni limelala, mwezi huu kushoto, mwezi ujao kulia. Hapo fikiria mayasthenia, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia sehemu mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Kliniki huwa na kipimo rahisi mno: barafu kwenye mfuko, imefungwa kitambaa, inawekwa juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 2, kisha kope linapimwa papo hapo. Likipanda milimita 2 au zaidi, shaka inaongezeka na vipimo vya damu hufuata. Tiba huanza na vidonge. Kukimbilia kisu hapa ni kupoteza hela. Na kwa jiji hili la Dar es Salaam ambalo watu hujinunulia antibayotiki dirishani, lazima niseme: siprofloksasini, azithromaisini na kwinini zinaweza kuuzidisha ugonjwa huu. Ukianza kupaliwa, kushindwa kumeza au kupumua kwa shida, kimbilia hospitali.

Usichanganye haya na uso kupinda. Uso ukipooza upande mmoja, jicho huweza kushindwa kufumba. Tatizo letu hapa ni jicho kushindwa kufunguka. Chokea nayo huvimbisha kope likaonekana limeshuka, lakini hiyo huuma na kuwa nyekundu.

Kwa watu wazima sababu ya kawaida ni umri tu: kano inayounganisha msuli na kope huachia taratibu. Kuvaa lenzi za machoni miaka mingi au kupikicha macho huharakisha. Beba picha zako za zamani, ya leseni au ya harusi. Zinaonyesha mwendo wa tatizo kuliko maelezo ya mdomo.

Anza hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Amana, Temeke au Mwananyamala, kisha uombe rufaa kwenda Muhimbili au hospitali ya CCBRT pale Msasani. Kama unatumia bima, uliza mapema kama upasuaji wa kope utalipiwa. Kope linaloziba mboni ni hoja ya kuona, si ya urembo, na inafaa iandikwe hivyo kwenye fomu.

Vipimo viwili ndivyo vyenye uzito. Cha kwanza ni umbali kutoka nukta ya mwanga wa tochi katikati ya mboni hadi ukingo wa kope. Kawaida ni milimita 4 hadi 5. Cha pili ni nguvu ya msuli: daktari anabana nyusi kwa kidole gumba, unatazama chini kabisa kisha juu kabisa, rula ikihesabu kope limepanda kiasi gani. Zaidi ya milimita 12 ni nguvu nzuri, na kano hurudishwa mahali pake kwa ganzi ya sindano, wewe ukiwa macho, maana utaambiwa ufumbue ili urefu upimwe hapohapo mezani. Chini ya milimita 5, kope huning'inizwa kwenye msuli wa paji la uso kwa uzi wa silikoni au utando wa pajani. Daktari makini pia huinua kope bovu kwa kidole na kulitazama la pili: wakati mwingine nalo hushuka, kumbe lilikuwa likibebwa na juhudi za mwenzake.

Mtoto anayeinua kidevu ili aone hasubirishwi hadi aanze shule. Kope likifunika mboni, ubongo huacha kujifunza kulitumia jicho hilo, na uoni uliopotea hivyo haurudi kirahisi ukubwani.

Baada ya upasuaji, kitambaa baridi siku 2 za kwanza, nyuzi hutolewa baada ya wiki hivi, na urefu wa kudumu haujulikani kabla ya wiki 6. Jicho linaweza lisifumbe vizuri usingizini, kwa hiyo mafuta ya macho usiku usiyaruke. Kioo cha jicho, yaani utando angavu wa mbele, kikikauka hupata kidonda. Maumivu makali, jicho kutokeza nje au kuona kufifia usiku wa kwanza huenda ni damu inayojikusanya nyuma ya jicho. Rudi hospitali usiku huohuo.