Saa nne ya Amu si saa nne ya mashine

Siku moja niliamka nikakuta hifadhidata yangu ya majaribio haina kitu. Safari, abiria, nauli, zote zimefutika. Usiku nilikuwa nimemwachia ajenti wa akili mnemba arekebishe hitilafu ndogo katika programu ya kukatia tiketi za boti ninayoitengeneza hapa Amu, yaani mji wa Lamu, nami nikaenda zangu kulala. Kufungua kumbukumbu za kazi yake, nikaona ameandika kwa adabu zote kwamba ataanza kwa kusafisha data. Akaita zana yangu, yaani kipande cha programu nilichompa akitumie, safisha_data. Maelezo yake niliyaandika mwenyewe, maneno mawili tu: "Husafisha data."

Kwangu mimi kusafisha ni kufuta kila kitu ili majaribio yaanze upya. Yeye alielewa ni kuondoa majina yaliyojirudia na nafasi zilizozidi. Wa kulaumiwa ni nani hapo?

Ajenti haoni msimbo ulio nyuma ya zana. Anapewa jina, maelezo na orodha ya vigezo, yaani taarifa za kuijazia zana, basi. Kwa hayo ndiyo anaamua aite ipi. Ukitumia MCP, itifaki ya kuunganisha ajenti na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, mambo ni yale yale. Inayabeba maneno yako kama ulivyoyaandika, mabovu kwa mazima.

Nikaandika upya: "Hufuta rekodi ZOTE za hifadhidata ya majaribio na hazirudi. Itumie mtumiaji akiomba waziwazi kuanza upya. Kusahihisha jina au nambari, tumia sahihisha_rekodi." Jina nalo nikalibadilisha likawa futa_zote_majaribio. Juu ya hayo nikaweka komeo: nisipokubali mimi kwenye skrini, haifanyi kazi. Maneno mazuri hayafungi mlango.

Zilikuwa zana kumi na moja. Nilizichapa kwenye karatasi nikampa mdogo wangu wa kike, ambaye programu hazijui wala hazitaki. Nikamwuliza, ukitaka kujua abiria wa kesho wa Shela ni wangapi, utatumia ipi? Akapitisha kidole: tafuta_safari, leta_safari, angalia_safari.

"Kaka, hizi tatu si kitu kimoja?"

Zilikuwa kitu kimoja, ila nilizitengeneza miezi tofauti. Jioni ile nikaziunganisha. Tangu hapo kila zana mpya hupitia kwake kwanza, na hulipwa kwa mkate wa mofa.

Lililonitesa zaidi ni saa. Kigezo kiliitwa "saa", na maelezo yalisema "saa ya safari". Nikamwambia ajenti aongeze safari ya saa nne asubuhi kwenda Kizingitini. Akaandika 04:00. Boti ya alfajiri, kabla hata ya adhana! Nikamsahihisha, akaandika 10:00. Kesho yake, katika mazungumzo mapya, akarudi kwenye 04:00, maana ya jana hakuwa nayo. Kumsahihisha mdomoni hakusaidii ikiwa maelezo yamebaki vile vile. Sasa kigezo kinaitwa saa_ya_kuondoka na maelezo yake ni haya: "Mfumo wa saa 24, majira ya Afrika Mashariki. Mtumiaji akitaja saa kwa Kiswahili, badilisha kwanza: saa nne asubuhi ni 10:00, saa moja jioni ni 19:00." Ile mifano miwili ndiyo iliyofanya kazi. Kabla ya kuiweka nilikuwa nimeandika aya nzima kuhusu hesabu ya saa za Waswahili, na haikusaidia kitu.

Vituo navyo. Mtu akisema "Lamu" anakusudia mji, kisiwa au kaunti? Ajenti alikuwa akituma "Lamu", mfumo unajibu "Kosa 400", yaani ombi lina kasoro bila kusema ipi, naye anatuma "Lamu" tena, na tena. Nikafunga orodha: AMU, SHELA, MOKOWE, MATONDONI, MTANGAWANDA, FAZA, KIZINGITINI. Na jibu la kosa sasa linasema kituo hakijulikani, chagua kimoja katika hivi. Mara ya pili hupatia.

Kisha nikapitiliza, nikajaza kila zana ukurasa mzima. Ajenti huyabeba maelezo hayo yote katika kila mazungumzo, na yanakula nafasi ya kazi yenyewe. Nikapunguza tena.

Wiki iliyopita nilimwonyesha ami yangu, nahodha, jinsi safari ya Pate inavyoingizwa kwa sentensi moja. Akaitazama simu, akaishika mbali na macho.

"Saa tatu kila siku?"

"Naam, ami."

"Na Mkanda ukikupwa, mwanangu, hii boti yako itapita juu ya mikoko?"

Mkanda ni mlango wa maji tunaoupita kwenda Pate. Nikafungua kompyuta pale pale barazani, nikaongeza: "Safari za Pate hufuata maji kujaa. Usikisie saa ya kuondoka, mwulize mtumiaji."