Nairobi kwa Matatu: Kutoka Kariokor hadi Makina

Mgeni anayefika Nairobi huelekezwa kwanza kusini na magharibi mwa jiji, kwenye mbuga ya wanyama, kituo cha twiga, Bomas na nyumba ya mlowezi na mwandishi Karen Blixen. Mimi nilikuwa nimetoka Mombasa kumtembelea mpwa wangu anayeishi Umoja, na haja yangu ilikuwa nyingine: nilitaka kuiona mitaa waliyokaa wafanyakazi wa mji huu, ambao ulizaliwa mwaka 1899 pale reli ilipofika kwenye tambarare yenye matope. Mitaa hiyo haina basi la watalii. Ina matatu.

"Mjomba, uliza nauli kabla hujapanda," mpwa wangu aliniusia, "na usidhani ya asubuhi ndiyo ya jioni." Alisema kweli. Nauli za Nairobi hupanda saa za watu kwenda kazini na kurudi, na wingu likitanda makanga hutangaza bei mpya hata kabla ya tone la kwanza kuanguka. Namba ya gari nayo haitoshi kukufikisha: namba 6 na namba 9 zote huenda Eastleigh, lakini njia zake ni mbalimbali, kwa hiyo niliuliza iwapo gari lingepita Kariokor, ndipo nikaingia.

Kabla ya kupanda nilikuwa nimesimama Kenyatta Avenue, mbele ya sanamu za shaba zilizozinduliwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wapita njia hawazitazami, na sikuwalaumu, kwa sababu kumbukumbu hasa ya wapagazi wale iko Kariokor, ilipokuwa kambi ya kikosi chao, Carrier Corps, kilichoupa mtaa huo jina. Maelfu kwa maelfu walikufa katika vita ile, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Leo pale pana soko linalosifika kwa vyondo na makubadhi ya ngozi, na makanga hulitaja jina la mahali hapo mchana kutwa huku akigonga bati la gari.

Kutoka Kariokor nilikwenda kwa miguu hadi Pumwani, ambako wenyeji huita Majengo. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotaka kuwakusanya Waafrika wa mjini mahali pamoja, ikiwa imewagawia Wazungu vilima vya magharibi. Lakini vijiji vya zamani havikukubali kuhama upesi. Pangani ilidumu hadi ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wakapelekwa Shauri Moyo. Karibu na msikiti wa Riyadha nilimkuta bibi mmoja ameketi kizingitini akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtu wa pwani, nakusikia."

Aliniambia kwamba mamake alizaliwa Pangani, na kwamba hata baada ya kuhamishwa alizoea kusema "kwetu" akimaanisha kule. Nilipouliza ni gari gani lingenipeleka Kaloleni, alicheka: hakuna, nitembee kupitia Gikomba na Burma, au nirudi mjini nipande jingine.

Jibu hilo ndilo lililonifumbua macho. Karibu kila njia ya matatu Nairobi huanzia mjini na kuishia mtaani, na mitaa miwili inayopakana huweza kukosa gari la kuiunganisha. Mji wa kikoloni ulipangwa ili mfanyakazi aende kazini asubuhi na arudishwe mtaani kwake jioni. Kwamba angependa kumzuru jirani wa mtaa wa pili halikuwa jambo la kuwashughulisha wapangaji. Kenya Bus Service ilianza kazi mwaka 1934 ndani ya mpango huo, na matatu, ambazo Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu mwaka 1973 kubeba abiria kwa nauli, zilifuata nyayo zile zile. Kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutumika mwaka 2004 zilileta mstari wa manjano, mikanda na vidhibiti mwendo. Njia zenyewe hazikuzigusa.

Nilirudi mjini kwa ukaidi tu, ili nipande gari la Jogoo Road. Lilikuwa nganya ya kweli, lenye michoro kila upande na muziki uliotikisa viti, na nusura nipitilize kwa kuwa sauti yangu ya "shukisha!" haikumfikia mtu. Nilishuka karibu na uwanja ambao sasa una jina la Joe Kadenge, nikaingia Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 wenye nyumba za mawe na nafasi za wazi. Katika ukumbi wake, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya umati na kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Alikamatwa mwezi uliofuata, akazuiliwa hadi 1961. Kwangu mimi ukumbi huu unastahili wageni kuliko nyumba yoyote ya mlowezi, lakini siku ile tulikuwa mimi na vijana waliokuwa wakijadili mpira.

Kwenda Kibera nililazimika, bila shaka, kupitia mjini tena. Namba 8 hukata kuelekea Ngong Road, na kwa nusu saa majumba marefu yanageuka kuwa mabati. Nilishuka Makina, kwenye makazi ya Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopewa ardhi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, ingawa hati ya ardhi hawakupewa. Waliisubiri kwa zaidi ya karne moja, hadi mwaka 2017 walipokabidhiwa hatimiliki ya jumuiya ya ekari 288. Mzee aliyeniuzia chai alinionyesha kwa mkono mipaka ya ekari hizo, kisha mipaka ya ile ardhi ambayo babu zake waliihesabu kuwa yao. Ya pili ilifika mbali sana kupita ya kwanza.